Mfupa Unaokunywa Floraidi: Kwa Nini Chujio la Ndoo Hufa Bila Kuaga

Jirani yangu wa Maji ya Chai anauza mkaa kando ya barabara ya kwenda Moshi, na jikoni kwake ana ndoo mbili nyeupe zilizobebana. Ya juu imejaa chengachenga nyeusi ambazo ungedhani ni za gunia lake mwenyewe, kumbe ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Alipewa na mradi mmoja uliopita kijijini miaka mitatu iliyopita, ukagawa ndoo, ukapiga picha, ukaondoka. Siku niliyokwenda kununua mkaa alinikaribisha maji kwa fahari. "Kunywa mwanangu, haya yamechujwa." Nikanywa. Yalikuwa baridi, matamu, hayana harufu wala chembe. Nikamwomba anijazie vichupa viwili, kimoja cha maji ya kisima na kingine cha maji ya ndoo, nikaenda navyo maabara ninapofanya kazi. Nilikuwa natafuta floraidi, madini yanayoyeyuka majini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, na ndiyo ndoo ile iliyowekwa kuyaondoa. Ya kisima yalisoma miligramu 6 za floraidi kwa lita. Ya ndoo yalisoma 5.8.

Ndoo ile ilishakufa zamani. Haikuvuja, haikuziba, ladha ya maji haikubadilika hata kidogo, na mama yule hakuwa na njia yoyote ya kujua. Tangu siku hiyo kila mtu akiniuliza "chujio gani ni zuri?" huwa namuuliza swali jingine: utajuaje siku limejaa? Ili swali hilo lieleweke, inabidi kwanza tujue floraidi inatoka wapi, inafanya nini ndani ya mfupa, na kwa nini mfupa huo huo ndio unaoikamata.

Sisi wa huku tunatambulika kwa meno. Ukicheka Dar es Salaam, mtu anakuuliza kama umetokea Arusha. Tunacheka naye, lakini ile kahawia kwenye meno ni kumbukumbu ya maji uliyokunywa ukiwa mtoto. Jino la ukubwani hujengwa ndani ya ufizi kabla halijachomoza, kwa kiasi kikubwa kabla ya mtoto kufika miaka 8, na floraidi ikizidi katika kipindi hicho tabaka la juu la jino linajengeka vibaya. Linatoka na madoa meupe kama chaki, kisha linavuta rangi. Ukisugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa dawa ya bei mbaya, haitoki, maana haikupakwa juu. Na meno ndiyo sehemu ndogo ya habari. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa: viungo vinakakamaa, mgongo unauma, na watoto wengine wanapata matege yasiyonyooka. Vijiji vya chini ya Mlima Meru vinawafahamu watu hao, hawahitaji kusimuliwa.

Chanzo ni mlima wenyewe. Meru na Kilimanjaro ni volkano, na miamba ya volkano za Bonde la Ufa la huku ina floraidi nyingi. Mvua inapenya kwenye majivu na mawe ya kale, inakaa humo, inayeyusha kinachoyeyuka, kisha inatokea chini kama chemchemi au inangoja kwenye kisima. Hata hivyo kuwa na floraidi kwenye jiwe hakutoshi. Kuna sehemu nyingi duniani zenye mawe kama hayo na maji yao ni salama, kwa sababu maji hayo yana kalsiamu ya kutosha. Kalsiamu na floraidi zikikutana huungana zikawa chembe ngumu isiyoyeyuka, zikatuama chini. Maji yetu mengi yana sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Floraidi inaranda humo bila wa kuishika. Ndiyo maana maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana mamia ya miligramu kwa lita, na ndiyo maana visima viwili vilivyoachana mita mia chache vinaweza kutoa majibu tofauti kabisa: kila kimoja kimepita kwenye jiwe lake.

Jina la Maji ya Chai lenyewe linapotosha kidogo. Mto una rangi ya chai, na watu wengi wanaamini rangi hiyo ndiyo "madini". Hapana. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya huku haina ladha utakayoitambua. Maji ya kahawia yanaweza kuwa nayo kidogo, na maji meupe pe yakawa nayo kupita kiasi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilikubali hadi 4, kwa sababu iliyo wazi: kwa kikomo cha 1.5 visima vingi vya kaskazini vingefungwa na watu wangebaki bila maji kabisa. Sasa kiwango chetu nacho ni 1.5. Kipimo kikabadilika kwenye karatasi, jiwe likabaki lile lile.

Jambo la kwanza ambalo kila mama wa huku anafanya ni kuchemsha, na kwa vijidudu amefanya vyema. Kwa floraidi amefanya kinyume. Mvuke unaopanda ni maji matupu, floraidi inabaki kwenye sufuria. Ukiweka lita 5 zenye miligramu 2 kwa kila lita, ukachemsha hadi zikabaki lita 4, sasa kila lita ina miligramu 2.5. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Mbegu za mlonge zilizosagwa husafisha tope vizuri ajabu kwa sababu protini yake ina chaji chanya inayozivuta chembe za udongo zenye chaji hasi, zikashikamana na kuzama. Lakini tope ni chembe. Floraidi imeyeyuka, ni ioni (atomu yenye chaji) moja moja, ndogo kuliko tundu la kitambaa chochote unachoweza kununua Soko la Kilombero.

Basi inatolewaje? Hapa ndipo uhandisi kemikali unapoingia, na napenda sana sehemu hii kwa sababu jibu lilikuwa limelala machinjioni.

Sehemu ngumu ya mfupa wa ng'ombe, wa mbuzi, wako na wangu, imejengwa kwa madini yaitwayo haidroksiapataiti: kalsiamu, fosfeti, na ndani yake vikundi vidogo vya oksijeni na haidrojeni viitwavyo haidroksidi. Fikiria kifodi cha kutoka Usa River kwenda mjini. Viti ni nafasi kwenye madini, na mwanzoni vyote vimekaliwa na haidroksidi. Floraidi anapokuja kituoni, ana umbo karibu sawa na la haidroksidi na chaji ile ile moja hasi, ila akikaa anakaa imara zaidi. Basi haidroksidi mmoja anashuka, floraidi mmoja anapanda. Hivi ndivyo inavyotokea ndani ya mwili wa mtoto anayekunywa maji ya kisima kile, na ndiyo maana floraidi huishia kwenye meno na mifupa badala ya kwenye misuli. Mkaa wa mifupa unafanya kitendo kile kile nje ya mwili: unatanguliza mfupa wa ng'ombe mbele ya mfupa wa mtu. Udhaifu wetu ndio dawa yetu.

Mtu wa Manyara ataniuliza: kama kinachohitajika ni apataiti, si tuna Minjingu? Fosfeti ya Minjingu, ile inayosagwa kuwa mbolea, nayo ni apataiti, na ilitokana na mabaki ya ndege wa kale walioishi kando ya ziwa. Tatizo ni kwamba mabaki hayo yamelala kwa muda mrefu mno katika nchi ya maji yenye floraidi. Kifodi kile kilishajaa zamani. Inafaa shambani, kwenye ndoo haisaidii kitu.

Kutengeneza mkaa wa mifupa kunafanana na kuchoma mkaa wa miti, na kosa lake pia linafanana. Mifupa inachemshwa kuondoa mafuta, inakaushwa, inapangwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, joto linapandishwa hadi kati ya nyuzi 400 na 500 za Selsiasi. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na mtu aliyezoea anasoma mfupa kwa macho. Ukitoka wa kahawia, haukuiva: bado una mabaki ya nyama na gundi ndani, maji yatanuka kama supu iliyolala, na familia itaitupa ndoo ndani ya wiki. Ukitoka mweupe kama chokaa, umeungua: fuwele zake ndogo zimeungana zikawa kubwa, vijitundu vimeziba, na eneo la kushikia floraidi limepungua. Unaotakiwa ni mweusi, unaovunjika kwa mlio mkavu. Halafu unasagwa na kuchekechwa upate chenga zinazolingana. Unga unaziba maji, mapande makubwa yanayapitisha kabla hayajashikwa.

Ninaambiwa na wengine, hasa waumini, kwamba hawawezi kunywa maji yaliyopita kwenye mfupa wasioujua. Swali la haki. Mwislamu anataka kujua mnyama alichinjwaje, na mwenye imani ya kutokula nyama anataka kujua kama ni mnyama. Miradi mingi hupuuza swali hili kisha hushangaa ndoo zikigeuzwa za kuhifadhia unga. Jibu linaanzia machinjioni, kwa kuandika mifupa imetoka wapi, wala halihitaji kemia.

Hapa Moshi na Arusha kuna taka nyingine nyingi ambazo watafiti wanazitazama kwa jicho hilo hilo: maganda ya kahawa, pumba za mpunga wa Moshi chini, mabua ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC. Zikichomwa bila hewa zinatoa mkaa wenye vijitundu vingi, na mkaa huo unanyonya vizuri harufu, rangi na baadhi ya sumu za dawa za mashambani. Watu wakisikia "mkaa unachuja maji" wanadhani mkaa ni mkaa. Uso wa mkaa wa mimea kwa kawaida unaisukuma floraidi, hasi kwa hasi, kwa hiyo peke yake haufai kwa kazi hii. Unapakwa kwanza alumini, chuma au kalsiamu ndipo uanze kuishika. Utafiti mwingi wa nyenzo endelevu uko hapo: kuchukua kitu kinachotupwa bure na kukipa uso mpya. Gharama iko kwenye uso huo mpya, na huwa haisemwi kwenye vichwa vya habari.

Njia nyingine nitazipitia haraka. Wahindi walibuni miaka ya 1970 mbinu iitwayo Nalgonda, kwa jina la wilaya yenye shida kama yetu: unatia shabu (chumvi ya alumini) na chokaa kwenye ndoo, unakoroga, unaacha itulie. Ilijaribiwa hata Ngurdoto. Inafanya kazi, lakini inataka shabu nyingi kila siku ya Mungu, inaacha tope la kutupa, na ukikosea kipimo alumini inabaki kwenye maji. Ile mitambo ya kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando huondoa karibu kila kitu, ndiyo inayotumiwa na wauza maji ya chupa. Inahitaji umeme, inahitaji utando wa kubadilishwa, na sehemu kubwa ya maji inatoka kama majitaka yenye floraidi iliyokolea zaidi, na lazima yaende mahali fulani. Mamlaka za maji nazo zina njia yao ya kiungwana: kuchanganya. Lita moja ya miligramu 4 ikichanganywa na lita tatu za miligramu 0.5 unapata chini kidogo ya 1.4. Inawezekana tu ukiwa na chanzo chenye floraidi kidogo cha kutosha, ndiyo maana Arusha imelazimika kutafuta maji mbali kuliko Moshi.

Na mvua. Maji ya mvua hayajagusa jiwe, hivyo hayana floraidi ya kutaja. Mwenye bati safi na tenki kubwa amemaliza shida ya kunywa na kupika, bila kemia. Ila tenki la kuvusha familia kutoka masika hadi vuli si pesa ya muuza mkaa.

Mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga, mhandisi kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Chujio lake linaunganisha mchanga, unaozuia uchafu na vijidudu, na nyenzo za nano, yaani za chembe ndogo mno, zinazolengwa kwa kile kilichomo kwenye maji ya mahali husika, iwe floraidi au metali nzito. Magazeti yaliandika sana neno "nano". Mimi nilivutiwa zaidi na jambo lililopita chini chini: machujio yake mengine hukodishwa kwa wafanyabiashara wadogo wanaouza maji yaliyochujwa. Chujio la biashara lina mwenyewe, na mwenyewe ana sababu ya kuhesabu lita. Ndoo ya msaada haina mtu huyo.

Turudi basi kwenye ndoo ya jirani yangu, tuihesabu kama anavyohesabu magunia. Kwa hesabu ya vitabuni, apataiti ikibadilisha kila kiti chake, kilo moja ingebeba karibu gramu 38 za floraidi. Haifiki hata karibu, kwa sababu floraidi inagusa uso tu wa chenga na haipenyi hadi katikati. Tuseme kwa tahadhari kilo moja ya mkaa mzuri inabeba gramu 2. Ndoo yake ina kilo 8, yaani gramu 16, au miligramu 16,000. Anachuja lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia. Akitaka kushusha kutoka 6 hadi 1, kila siku mkaa unakamata miligramu 100. Gawanya: siku 160. Miezi mitano na kitu. Yeye ameitumia miaka mitatu.

Na kujaa hakuji kwa mpigo. Tabaka la juu la mkaa, linalokutana na maji kwanza, ndilo linalojaa kwanza, kama viti vya mbele. Floraidi inayofuata inapita hapo na kukamatwa chini yake. Mstari huo unashuka kidogo kidogo kila siku, na muda wote huo maji ya bombani kwenye ndoo ya chini yanaendelea kuwa mazuri. Halafu mstari unafika chini. Ndani ya wiki chache maji yanapanda kutoka 0.5 hadi karibu yale yale yaliyoingia, na kwa mnywaji hakuna kilichobadilika. Ukiharakisha maji ndiyo mbaya zaidi, kwani floraidi inahitaji muda wa kugusana na chenga, nusu saa hivi au zaidi. Wengi wanaotoboa tundu kubwa "ili yatoke haraka" wanaua chujio kabla ya siku zake.

Mkaa uliojaa unaweza kufufuliwa kwa kuoshwa na soda kali, kostiki ile ya kutengenezea sabuni. Haidroksidi zinakuja kwa wingi mno kituoni, zinawashusha floraidi na kurudi vitini. Kisha mkaa unasuuzwa hadi ukali uishe. Haurudi upya kabisa, na kila mzunguko unapoteza kidogo. Halafu umebaki na beseni la maji makali yenye floraidi iliyokolea. Ukiyatia chokaa, kalsiamu inaikamata na kuituamisha, na unabaki na tope gumu. Kila njia ya kusafisha maji inaishia hapo: sumu haikupotea, umeikusanya tu sehemu moja, na sasa lazima uijue sehemu hiyo. Kazi hii ifanyike kituoni kwa watu wenye glavu. Nisingemshauri mtu yeyote kuchezea kostiki jikoni penye watoto.

Na magadi? Nikiyaacha nitapigwa mawe. Ndiyo, magadi yanayolainisha makande na kiburu yanatoka kwenye maziwa na ardhi ile ile yenye floraidi, kwa hiyo yanaibeba. Unaweza kuchuja maji kwa gharama kisha ukairudisha floraidi kwa kijiko. Kulowesha maharage usiku kucha kunasaidia sana. Najua ladha haifanani.

Nilirudi kwa mama na karatasi ya majibu. Alisoma namba mbili, akaikunja. "Miaka mitatu nawabembeleza watoto wanywe ya ndoo tu," alisema. Tulipata kilo 8 za mkaa mpya, tukausuuza hadi maji yakaacha kutoka meusi, tukabana tundu ili maji yatoke polepole. Ukutani nyuma ya mlango wa jiko sasa kuna mistari ya mkaa, tano tano, mmoja kwa kila ndoo anayomimina. Juu kabisa aliandika mwenyewe 160 na kuizungushia duara. Jana nilihesabu 43.

Mkaa wa zamani uko kwenye kiroba uani, umefungwa kwa kamba. Aliniuliza akautupe wapi. Nimepiga simu mara mbili kwa wahusika kuuliza kama wanaupokea, na bado sijajibiwa.